Kufufua Nanga Kuukuu: Ala ya Wahaya kama Zana ya Kufundishia

Katika makala haya twakusudia kuwaeleza wanachuo wanaojiandaa kufundisha shule za msingi namna tulivyoitumia nanga moja kuukuu, tuliyoinunua kwa mwuza vitu vilivyokwisha kutumika, kuwa zana ya kufundishia kwa muda wa majuma sita. Kazi hiyo tuliifanya pamoja na wanachuo wanane na watoto wa Darasa la Tano katika shule moja ya msingi ya Bukoba. Hatudai kuwa sisi ni mafundi wa ala za muziki. Katika juma la tano tulifanya kosa ambalo nusura liharibu kazi nzima, na kwa kuwa kosa lenyewe ni la ualimu zaidi ya ufundi, tumelipa nafasi kubwa kuliko mambo yaliyokwenda vizuri.

Nanga tuliipata katika kata ya Nyanga, mjini Bukoba. Ilikuwa imelazwa chini ya rundo la sufuria, vitasa na fremu za madirisha, imefunikwa na vumbi. Mwuzaji alitueleza kuwa aliinunua pamoja na mbao kutoka kwa familia moja iliyokuwa ikijenga upya nyumba yake baada ya tetemeko la ardhi la tarehe 10 Septemba 2016, lile lililoangusha na kupasua nyumba nyingi katika Mkoa wa Kagera. Yeye alidhani ni kihori cha kulishia kuku, na bei aliyotutajia ilikuwa bei ya kihori.

Hapana budi kueleza kwanza jina la chombo hiki, maana linaweza kuleta utatanishi darasani. Mwanachuo mmoja, mwenyeji wa Tanga, aliposikia kuwa tumenunua nanga aliuliza meli yenyewe iko wapi. Katika Kiswahili cha kila siku nanga ni chuma cha kuzuia chombo majini. Katika Kihaya enanga ni ala ya muziki. Majirani wa Rwanda na Burundi wana ala ya aina hiyo hiyo, nao huiita inanga. Lakini mtu akivuka mpaka hadi Buganda atakuta jina ennanga limepewa kinubi, ala yenye shingo iliyopinda kama upinde, ambayo haifanani na hii hata kidogo. Mwalimu asitegemee jina peke yake. Na awe na chombo chenyewe mbele ya watoto, au angalau mchoro mzuri.

Nanga ya Wahaya ni ubao mmoja uliochongwa ukawa na uvungu wa kina kifupi, mfano wa sinia refu lenye kingo. Katika kila ncha pamekatwa vijino. Uzi mmoja mrefu hufungwa kwenye kijino cha kwanza, hupita juu ya uvungu hadi ncha ya pili, huzungushwa kwenye kijino, hurudi, na kwenda tena, mpaka upatikane mstari wa nyuzi saba, wakati mwingine nane. Manju huilaza ala mapajani, akaidonoa kwa vidole vya mikono miwili huku akiimba. Kwa nanga hiyo zimeimbwa tendi ndefu kama za Kachwenyanja, Rukiza na Mugasha, ambazo M. M. Mulokozi alizichunguza katika tasnifu yake ya uzamivu ya mwaka 1986 katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Baadhi ya manju walikuwa watu wa majumba ya Abakama, yaani watawala wa zamani. Utawala huo ulipofutwa mwaka 1963, nanga ilibaki mikononi mwa watu wa kawaida, na mara nyingine, kama ilivyokuwa hii yetu, juu ya dari.

Mwanachuo mwingine aliitazama nanga akasema kuwa hii ni banjo isiyo na shingo. Watoto walicheka, lakini kauli yake ilitufaa sana. Banjo tunayoiona katika picha za Marekani ni matokeo ya ujuzi wa Waafrika waliopelekwa utumwani Amerika na visiwa vya Karibi. Akonting ya Wajola wa Senegali na Gambia, yenye kibuyu kilichowambwa ngozi na shingo ya mti, ni mojawapo ya ala zinazofanana nayo sana. Tofauti kubwa ipo kwenye shingo. Mpiga banjo huubana uzi kwa kidole shingoni na kuufupisha, hivyo uzi mmoja humpa sauti nyingi. Nanga haina shingo. Kila uzi una sauti moja tu, nayo ni ile uliyokazwa kuitoa. Kwa sababu hiyo, anayekaza nyuzi za nanga ndiye anayeamua ni nyimbo zipi zitawezekana na zipi hazitawezekana. Tuliliandika jambo hilo ubaoni siku ya kwanza kabisa. Msomaji ataona baadaye kuwa kuliandika si sawa na kulielewa.

Kutazama kabla ya kugusa

Vipindi viwili vya kwanza hatukuruhusu mtu yeyote kuitengeneza nanga. Tuliiweka juu ya karatasi nyeupe katikati ya darasa, watoto wakaizunguka kwa makundi, kila kundi likaandika mambo kumi linayoyaona. Sharti lilikuwa kuandika kionekanacho tu, si kidhaniwacho. Mtoto aliyeandika "imezeeka" alitakiwa kufuta na kueleza nini kinachomwonyesha uzee: weusi wa moshi upande wa nyuma, kingo zilizolainika, ufa wenye urefu wa sentimeta 19. Zoezi hili ni gumu kuliko linavyoonekana. Wanachuo wetu wenyewe walishindwa mara ya kwanza, maana mtu mzima huharakia kutoa maelezo.

Halafu tuliipima. Urefu ulikuwa sentimeta 74, upana sentimeta 22, kina cha uvungu sentimeta 5. Watoto waliichora katika karatasi kwa ukubwa wake halisi, wakihesabu vijino na kuonyesha njia ya uzi. Uzi wa zamani ulikuwa bado umo, umekatika sehemu moja na kulegea kote. Ulikuwa wa kano za ng'ombe, ambazo hukaushwa, huchanwa nyuzi nyembamba, kisha husokotwa pamoja. Tuliuchora nao.

Karatasi nyeupe ilikuwa na kazi ya pili. Upande mmoja wa ubao ulikuwa na matundu madogo ya bungua, na mwanachuo mmoja alishauri upakwe mafuta ya taa mara moja. Tulimzuia. Kabla ya kumpa mgonjwa dawa yafaa kujua kama bado anaumwa. Tuliyagonga matundu polepole mpaka unga wote wa zamani ukatoka, tukabadilisha karatasi, tukaiacha nanga hapo kwa majuma mawili. Kila asubuhi mtoto wa zamu aliikagua karatasi na kuandika tarehe. Unga mpya ungeonyesha kuwa wadudu wangali hai. Haukuonekana hata chembe, nasi tukaepuka kuipaka nanga mafuta ambayo yangenuka kwa mwaka mzima na pengine kuizuia gundi isishike.

Mjadala mkali kuliko yote ulihusu ule ufa. Mwenyewe wa zamani alikuwa ameushona kwa waya mwembamba, mishono mitano, kama mtu ashonavyo kibuyu kilichopasuka. Kundi moja lilitaka waya utolewe kwa kuwa una kutu na unatia aibu. Kundi jingine lilisema waya ni kazi ya mtu, tena kazi nzuri, na hatuna ruhusa ya kuifuta. Hatukuwaamulia. Tuliwauliza swali moja tu: tukiutoa leo, je, kesho tutaweza kuurudisha? Walipokubaliana kuwa hautarudi kama ulivyokuwa, waya ukabaki.

Ubao

Kazi ya ubao haikuwa kubwa, wala haifai kuifanya kubwa. Tulipangusa vumbi kwa brashi laini na kitambaa kikavu. Masizi hatukuyasugua. Katika nyumba za msonge moto ulikuwa ukiwaka ndani, na moshi wake uliukausha mti na kuwafukuza wadudu. Huenda masizi hayo ndiyo sababu ya nanga hii kuwa hai. Tusisahau kuwa Bukoba hupata mvua ya kiasi cha milimita 2,000 kwa mwaka, na ubao uliowekwa mahali penye unyevu hauchukui muda kuharibika.

Ufa tuliuziba kwa gundi ya seremala iliyochanganywa na unga wa mbao laini, tukaupitisha kwa kijiti katikati ya mishono ya waya. Ubao tuliufunga kwa vipande vya mpira wa ndani wa baiskeli, ambavyo hubana kwa nguvu iliyo sawa kila upande bila kuacha alama. Tuliuacha kwa saa 24. Mwanachuo asikubali kushawishiwa kuitia nanga vanishi ili ing'ae. Vanishi nzito huugandisha ubao, nao ubao ndio unaotetemeka pamoja na nyuzi na kuzipa mvumo. Tena vanishi haitoki.

Kisha tukaukata uzi wa zamani ili tuusafishe uvungu vizuri, nao ukatupwa pamoja na takataka za siku ile. Wakati ule hatukuona ubaya wowote.

Nyuzi na madumu ya maji

Kwa uzi mpya tulinunua mshipi wa nailoni katika duka la vifaa vya uvuvi, wenye unene wa milimita 0.8. Wapiga nanga wenyewe wamekwisha kuhamia kwenye nailoni tangu zamani, kwa hiyo hatukuwa tumevunja mila. Mita 10 zilitosha na kubaki.

Kabla ya kuufunga tulifanya jaribio ambalo twalipendekeza kwa kila mwalimu, hata asiye na nanga. Tulichukua sanduku tupu la mbao, tukafunga vipande viwili vya mshipi kwenye misumari ya upande mmoja, tukavipitisha juu ya vijiti viwili vilivyoachana sentimeta 60, kisha tukaviacha vining'inie nje ya ukingo wa meza. Kwenye kila kipande tulifunga dumu. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja, kwa hiyo mtoto anaweza kupima mkazo wa uzi kwa kikombe cha lita bila mizani yoyote.

Dumu la kwanza tulitia lita 1. Tukawauliza watoto: uzi wa pili tuutie lita ngapi ili utoe sauti ile ile lakini ya juu, kama sauti ya mtoto anapoimba pamoja na baba yake? Karibu wote walisema lita 2. Tukajaribu, sauti ilipanda, lakini haikufika. Wakasema 3. Haikufika. Ilipofika lita 4 darasa lilinyamaza, kisha likapiga makofi. Ili kuhakikisha, tulisogeza kijiti katikati ya uzi wa kwanza, tukaupiga nusu yake wenye sentimeta 30. Nusu ya uzi wa lita 1 na uzi mzima wa lita 4 vilitoa sauti moja, isipokuwa tofauti ndogo iliyotokana na uzito wa madumu yenyewe, kuvutika kwa nailoni, na msuguano wa mshipi juu ya vijiti.

Kanuni yenyewe ni kwamba idadi ya mitetemo kwa sekunde hufuata kipeuo cha pili cha mkazo: mkazo ukizidishwa mara nne, mitetemo huzidishwa mara mbili, na urefu ukigawanywa kwa mbili, mitetemo pia huzidishwa mara mbili. Watoto wa Darasa la Tano hawahitaji maneno hayo. Wao walibaki na lita nne, na sidhani watazisahau. Tuliwapa pia hesabu ya kufanya: ikiwa kila uzi wa nanga huvutwa kwa kiasi cha kilo 4, nyuzi saba huvuta kilo ngapi? Kilo 28 ni uzito wa mtoto mzima aliyekaa juu ya ubao uliopasuka. Hapo walielewa kwa nini tulikataa kufunga nyuzi kabla gundi haijakauka.

Kuufunga uzi kulituchukua kipindi kizima. Kwa kuwa ni uzi mmoja, ukiuvuta sehemu ya tatu, sehemu ya pili na ya nne nazo huguswa kidogo, ijapokuwa msuguano wa vijino huzizuia. Njia iliyotufaa ni kuukaza wote nusu nusu kutoka mwanzo hadi mwisho, kuuacha usiku mmoja, kisha kurudia. Nailoni mpya hulegea sana siku mbili za kwanza. Asiyejua hilo hudhani fundo limefunguka.

Kosa letu

Sasa tufike kwenye juma la tano. Nyuzi zilikuwa saba. Ngazi ya muziki tuifundishayo shuleni ina sauti saba: do, re, mi, fa, so, la, ti. Hesabu ilitosheana kiasi kwamba hatukufikiri tena. Tulileta kinanda cha umeme cha chuo, tukakaza uzi wa kwanza kuwa do, wa pili re, hivyo hivyo hadi wa saba. Watoto wakapiga nyimbo walizozijua. Wanachuo waliandika katika maandalio yao kuwa lengo la somo limefikiwa, nasi tukatia sahihi.

Ili kuhitimisha kazi tulimwalika mzee mmoja kutoka upande wa Ihangiro, wilayani Muleba, aliyepiga nanga katika ujana wake. Watoto walimsalimu kwa heshima, tukamkaribisha kiti na kahawa ya kutafuna kama ilivyo desturi ya Wahaya kwa mgeni. Aliilaza nanga mapajani, akaidonoa uzi kwa uzi, toka wa kwanza hadi wa saba. Akatulia. Akaidonoa tena, mara hii kwa kurudi nyuma. Kisha akauliza, kwa upole kabisa:

"Walimu wangu, mmeikaza kwa wimbo gani?"

Tukamweleza habari za do, re, mi.

"Waitu," alisema, "huu uzi wa sita ungekuwa ndugu wa wa kwanza. Hapa ni mgeni. Nikiimba, nitakaa wapi?"

Aliomba auone uzi wa zamani ili ajue unene wake. Tulitazamana. Darasa zima lilikuwa na mchoro wa uzi ule, lakini uzi wenyewe ulikuwa umechomwa pamoja na takataka majuma matatu yaliyopita. Mzee hakutulaumu. Alisema tu kuwa kano husokotwa kwa mkono wa mtu, na kila mkono una namna yake.

Baada ya hapo akailegeza nanga yote na kuanza upya. Hakugusa kinanda wala hakuuliza noti. Aliimba kwa sauti ya chini, midomo ikiwa karibu imefumba, akaukaza uzi wa kwanza mpaka ukakubaliana na sauti yake. Kisha akarukia wa sita, akaulinganisha na wa kwanza. Baadaye wa pili na wa saba, wakawa ndugu vilevile. Ule wa tatu, wa nne na wa tano ndio uliomchukua muda mrefu. Kazi yote ilikaribia saa nzima, na watoto arobaini na watatu walikaa kimya kwa muda huo bila ya mwalimu kuwanyamazisha, jambo ambalo hatujaliona katika somo jingine.

Kwa hiyo nyuzi saba zilitoa sauti tano, mbili kati ya hizo zikirudiwa kwa juu. Ala nyingi za nyuzi katika nchi za Maziwa Makuu hufuata ngazi ya sauti tano. Tulipozijaribu sauti za mzee kwa kinanda chetu, tatu kati ya tano ziliangukia baina ya vibonyezo, si huku wala kule. Mmoja wetu alinong'ona kuwa pengine masikio ya mzee yamechoka. Mzee alipoombwa kuilegeza nanga na kuikaza tena baada ya chakula cha mchana, sauti zilirudi mahali pale pale. Kinanda ndicho kilichokuwa hakina mahali pa kuziweka.

Hata watoto walipata ugunduzi wao. Msichana mmoja aliyekuwa karibu aliona kuwa mzee akiupiga uzi wa kwanza, uzi wa sita hutikisika wenyewe bila kuguswa. Tulikata vipande vidogo vya karatasi, tukavikunja na kuvipandisha juu ya kila uzi. Uzi wa kwanza ulipopigwa, karatasi ya uzi wa sita iliruka na kuanguka. Zile za jirani zilitulia. Ulipopigwa wa pili, ikaanguka ya saba. Undugu alioutaja mzee ulionekana kwa macho. Katika ukazaji wetu wa do, re, mi jaribio hili lisingewezekana, kwa kuwa nyuzi saba zile hazikuwa na do wa juu hata mmoja.

Tukilichunguza kosa letu, twaona kuwa halikutokana na haraka. Tulikuwa tumetumia majuma mawili kukagua karatasi kwa ajili ya unga wa bungua! Lilitokana na kudhani kuwa uchunguzi ni wa macho na rula peke yake. Tuliwakataza watoto kuandika wanachodhani juu ya ubao, kisha sisi wenyewe tukaandika tunachodhani juu ya sauti, na kwa kuwa saba ililingana na saba, hakuna aliyetuuliza. Kama mzee asingekuja, watoto wale wangetoka darasani wakiamini kuwa wameisikia nanga. Bahati njema ni kwamba nyuzi hulegezwa. Kosa la vanishi lisingerudi nyuma, na la uzi wa kano halikurudi.

Kwa mwalimu atakayejaribu

Si lazima iwe nanga. Atakayepangiwa kazi Dodoma atakuta zeze na ilimba za Wagogo. Atakayekwenda Mara ataulizia litungu la Wakuria. Ala kuukuu hupatikana aghalabu mahali tusipotazamia, nayo bei huwa ndogo kwa sababu ile ile iliyotupatia sisi yetu. Ila amtafute mjuzi wa ala hiyo katika juma la kwanza, si la sita, na amwombe aisikilize hata ikiwa na uzi mmoja tu. Pasipo mjuzi, zipo sauti zilizohifadhiwa: Hugh Tracey alirekodi muziki mwingi wa Afrika Mashariki katikati ya karne ya 20, na hazina yake imo katika maktaba ya muziki wa Afrika aliyoianzisha mwaka 1954, ambayo sasa imo katika Chuo Kikuu cha Rhodes, Afrika ya Kusini. Rekodi itampa mwalimu sauti, ingawa haitamjibu swali.

Katika kupima maendeleo ya watoto, tuliacha maswali ya kutaja sehemu za nanga. Badala yake kila kundi lilipewa uzi mmoja uliolegezwa kwa makusudi, likatakiwa kuurudisha na kueleza limejuaje kuwa umefika. Makundi manne yalitumia sikio. Mawili yalitumia kipande cha karatasi. Moja lilishindwa, likasema wazi kuwa limeshindwa, nasi tukalipa alama za kusema hivyo.

Mzee alipoondoka tulikuwa tumemrekodi kwa simu, lakini simu hupotea. Watoto walipendekeza njia yao. Walilirudia sanduku la mbao na madumu, wakajaza na kupunguza maji mpaka mshipi wa sanduku ukatoa sauti sawa na kila uzi wa nanga, mmoja baada ya mwingine, kisha wakaandika vipimo katika karatasi kubwa iliyobandikwa ukutani. Uzi wa kwanza ni lita 1.1. Wa sita ni lita 4.3. Wa nne, ambao hulegea kila asubuhi ya mvua, ni lita 2.5, na mtoto wa zamu huukaza kabla ya kengele ya kwanza.